Risasi Nilizomchagulia Mgeni

Haya, chekeni, lakini kaeni kitako kwanza, na bora muisikie kinywani mwangu mimi Zuhura kuliko kuipokea sokoni Walthamstow, huku kwetu ughaibuni, imeshatiwa chumvi na pilipili. Mimi mtu mzima, dereva wa basi nisiyewahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, niliwasimamisha watu kwenye mstari wa shabaha mara mbili na ya tatu juu yake, kwa kiburi tu, na mgeni niliyetaka anione mtu wa maana kakaa nyuma yangu, mkoba mapajani, ananitazama.

Mjue kwanza kwamba mimi napiga shabaha. (Ndiyo, na hijabu yangu, na msianze.) Mwenzangu wa kazini alinipeleka kwenye klabu yao, nje kidogo ya mji, nikalala kifudifudi, nikaitoboa karatasi, nikapenda, basi. Polisi wakaja wakanikagua mpaka kabati la chuma nyumbani, nikapewa cheti, na sasa nina bunduki yangu ndogo ya namba 22, ile inayojipakia yenyewe, na kazi yake ni karatasi tu, hata njiwa hajawahi kuiogopa.

Sasa mwanangu Nassor akampenda binti wa Bi Rehema, watu wa Mombasa wanaokaa Neasden, upande wa pili wa jiji. Posa tukapeleka, jibu halikuja. Wiki ikapita, ya pili ikapita, kimya, na mtoto wa kiume akawa hali chakula changu, kakodolea simu tu. Kumbe Bi Rehema kaambiwa kwamba mama wa bwana harusi ana bunduki. Akanipigia mwenyewe.

"Bi Zuhura, mimi sina maneno mengi. Siwezi kumtia mwanangu nyumba yenye bunduki nami siijui. Nataka niione, na nimuone mwenye kuishika."

Nikamwambia karibu sana, Jumamosi klabu yetu inapokea wageni.

Hapo ndipo nilipoharibu. Bunduki yangu ina risasi zake za kawaida, tumezoeana nazo, haijawahi kunigomea hata siku moja. Lakini si mnatujua sisi, mgeni akija hapewi kikombe cha kila siku! Nikajiambia, nikimpigia Bi Rehema zile za kawaida zenye mshindo, moyo utamruka, atasema nyumba ile si ya watu, na mwanangu ndiyo kakosa mke. Pale klabu wanauza, nikaona boksi la risasi za kimyakimya, za mashindano, ghali, boksi lenyewe zuri kama la manukato. Derek, mzee wa Kizungu anayesimamia mstari wetu, akaniuliza kwa upole kama nimesoma kitabu cha bunduki yangu, maana hizo nguvu yake ndogo, ni za bunduki za kukoki kwa mkono, na yangu huitaka nguvu ya risasi yenyewe ndiyo ijirudishe nyuma, itupe ganda, iingize nyengine.

"Naijua bunduki yangu, Derek," nikamjibu, tena kwa maringo, nikaondoka na boksi langu. (Na sikukumbuka kwamba pale kila mtu huvaa vizibo vya masikio, mgeni akiwemo, kwa hiyo mshindo niliokuwa nauogopa usingemfika!)

Jumamosi nikamfuata Neasden, kavaa viatu vya harusini, tukaenda. Nikamkalisha nyuma ya mstari, nikamvisha vizibo, nikalala mahali pangu nikapiga ya kwanza. Katikati! Nikaiba jicho nyuma (jicho tu, mtutu haugeuki), nikamuona anaitikia kwa kichwa, karidhika. Nikapiga ya pili. Wapi! Ganda la ile ya kwanza limesimama wima kwenye kimlango cha kutokea maganda, limebanwa, halitoki wala haliingii. Sheria yetu bunduki ikigoma ni kuuacha mtutu ukitazama mbele, kutoa kidole, kuinua mkono na kungoja, basi nikainua mkono, Derek akatoa sauti, mstari mzima ukasimama, wastaafu wa watu wakaweka bunduki chini kwa ajili yangu. Akalitoa ganda, akanitazama, akarudi mahali pake.

Nikapiga tena, ikagoma tena. Mkono juu, mstari ukasimama, Derek akalitoa ganda, safari hii nikasikia mtu anashusha pumzi ndefu.

"Ina nini?" Bi Rehema akauliza.

"Baridi tu," nikasema. Ilikuwa Juni, jua linawaka, Derek mwenyewe kavaa kaptura.

Mtu mwenye akili angekomea hapo. Mimi nikamuona jirani yangu wa pale mstarini ana boksi limeandikwa 22 kubwa, nikamwashiria kama naweza kuchukua kidogo, naye kwa adabu zao akaitikia bila kujua bunduki yangu ni ipi. Nikachomoa magazini, kile kisanduku chake cha risasi, nikaanza kuzipakia. Haziingii. Ndefu, nene, nikakaza kidole gumba mpaka kikawa chekundu.

Bi Rehema akainama. "Bi Zuhura, kitu kisipoingia hulazimishwa?"

"Mpya hizi, ndiyo maana zinakaza."

"Kwani risasi hutumiwa zikiwa kuukuu?"

Derek akasimamisha mstari mara ya tatu, akanichukua boksi mkononi, polepole, namna unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaniwekea risasi ya jirani kando ya yangu, akasema ile ni magnamu, ina nguvu nyingi kuliko bunduki yangu, na namba 22 peke yake haitoshi, usome jina zima lililochongwa kwenye mtutu na jina zima la kwenye boksi, yasipofanana usijaribu hata moja. Akayasema hayo mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyekuwa nimemringia.

Ningeweza kusema ile kugoma mara mbili ni bunduki imeharibika. Wallahi, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, na ningeyasema ningetoka pale na heshima yangu. Lakini nilichoka, na niliona aibu kweli. Nikaiweka magazini chini, Derek akaikagua bunduki kwamba ni tupu, nikainuka, nikamwambia Bi Rehema, "Bunduki nzima. Mimi ndiye niliyechagua vibaya. Niliambiwa, nikajifanya najua, nilitaka kukufurahisha."

"Haya," akasema. Basi, hilo tu.

Toka huko mpaka Neasden alitazama dirishani, mkoba mapajani. Foleni ya magari, Nassor anapiga simu, anapiga, mimi sipokei, nitamwambia nini? Nikasimama karibu na kwao, nikashuka nikamfungulia mlango kama dereva wa kukodi.

Akatoka, akajitengeneza mtandio. "Ungenambia ni mbovu, ningekwamini. Mimi najua nini habari za bunduki? Nalingoja hilo useme, nije nyumbani nikatae posa. Ukasema ni wewe." Akanitazama. Siku zote ananiita Bi Zuhura. "Mkwe, mshenga wako aje Jumapili achukue jibu. Na siku nyengine ukinialika usinipambie, wanipa tabu."

Akaingia ndani. Nimeapa, tangu siku ile sinunui hata risasi moja kabla sijasoma mtutu, nikasoma kitabu, nikamuuliza na Derek, hata pale ninapojua. Lakini dakika ile sikuwa na viapo, nilirudi kwenye usukani nikalia kwa furaha, mtandio wote umerowa, mpaka honi ikanizindua nyuma yangu, ndefu, ya hasira. Nikatazama kwenye kioo: basi. Mimi, dereva wa basi, nilikuwa nimesimamisha gari yangu katikati ya kituo cha basi.