Admini wa Wafugaji Tuamke

Maramba nzima hapakuwa na mtu aliyeyajua magonjwa ya ng'ombe kama Fanueli, na hakuwahi kuyasomea hata siku moja. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa wanne na kundi la WhatsApp alilolianzisha mwenyewe, "Wafugaji Tuamke". Kila alfajiri, kabla hajakamua, aliwaamsha watu mia na arobaini: kimeta kimeingia nchi fulani, mbuzi wamekwisha kisiwa fulani, kuna daktari Uturuki anatibu kiwele kwa kitunguu maji. Chini aliandika: "Sambaza kwa wafugaji kumi. Ukimya unaua."

Mwezi wa nne ng'ombe wake Malkia akatoka vinundu shingoni, kisha ubavuni, kisha mwili mzima. Fanueli alijua mara moja kwamba ni mapele ngozi, maana picha zake alishazisambaza mara tano. Siku hiyo kundi halikupata ujumbe wowote. Alimhamishia Malkia nyuma ya nyumba, akamfunika kanga ya mkewe, Anjela.

"Si umwite bwana mifugo," Anjela alimwambia.

"Watu watasema nini? Admini mzima! Na kituo cha maziwa wakisikia?"

"Kwani ng'ombe anajua kama wewe ni admini?"

Wiki ya pili jirani yao Bi Mwamvua, mjane mwenye ng'ombe mmoja, akatuma kundini picha ya ng'ombe wake: "Jamani, huyu ana nini?" Picha haikumaliza dakika tatu. Fanueli aliifuta, akaandika: "Tuepuke taharuki. Habari zote za magonjwa zipitie kwa admini kwanza."

Bi Mwamvua hakubishana. Alimpigia simu afisa mifugo wa kata, Ritha, ambaye alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki. Alipokuwa anampima ng'ombe wa mjane, akasikia mwingine analia ng'ambo ya ua. Akazunguka, akamkuta Fanueli kasimama kando ya Malkia.

"Shikamoo, mzee. Huyu mbona kavaa kanga?"

"Marahaba. Anasikia baridi."

Ritha aliifunua, akavipapasa vinundu. "Ungeniita siku ile ya kwanza, mzee, inzi wasingeupeleka ugonjwa huu kwa jirani."

Jioni Fanueli alipiga hodi kwa Bi Mwamvua, macho chini. "Habari nilikuwa nayo, Bi Mwamvua. Nikaikalia."

"Najua, baba Zabron. Ile kanga niliiona tangu Jumanne. Nikasema labda ni ng'ombe wa mahari, mmeoza binti."

Malkia alipona, na makovu yake. Ng'ombe wa Bi Mwamvua alipona pia, ila maziwa yalimkauka. Ng'ombe wazima wa kijiji wakachanjwa, na Fanueli akaandika ujumbe mrefu kuushukuru uongozi wa kundi kwa kuchukua hatua za haraka. Wa kwanza kujibu alikuwa Anjela: "Uongozi upi?"

Ndipo wanachama wakambana Fanueli mpaka akamfanya Bi Mwamvua admini. Tangu hapo ametuma ujumbe mara mbili tu: namba ya Ritha na tarehe ya chanjo. Fanueli hulalamika kwamba kundi limepoa.