Wavu Dirishani kwa Zaira

Siku niliyomwona Zaira Tosatto kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama nje ya dirisha lake, ghorofa ya tatu, nikikaza bomba la jukwaa la ujenzi. Alikuwa akishona. Hakunisalimu. Aliuliza tu wavu tuliofunika nao jukwaa, uliomzibia mwanga, utakaa kwa muda gani.

"Miezi minne, mama."

"Haya. Minne nitaivumilia."

Alikuwa mjane wa miaka sabini, na hapa Rovigo, Italia, nusu ya makoti ya mtaa yalikuwa yamepita mikononi mwake. Jengo zima lilikuwa limetia saini: kuta zivikwe upya zisipitishe baridi, madirisha yabadilishwe, bustani ya uani ipandwe upya. Serikali iliahidi kuwarudishia wenye nyumba gharama zote kama nafuu ya kodi. Nao waliipa kampuni yetu haki ya nafuu hiyo badala ya fedha, nayo kampuni ingeiuzia benki.

Kisha benki zikaacha kununua haki hizo. Kazi ikasimama, jukwaa likabaki. Kulibomoa kungekuwa kukubali kwamba kazi imekufa na nafuu ya kodi imekwenda nayo, kwa hiyo majirani wakamsihi Zaira awe na subira.

Nilitumwa kila Ijumaa kukagua vibano vya jukwaa. Kila Ijumaa nilikuta cherehani imehama kutafuta mwanga: jikoni, sebuleni, mara moja bafuni. Taa alikuwa nazo nne, lakini alisema chini ya taa, uzi mweusi na wa buluu ni mapacha. Mteja mmoja alimrudishia koti la msiba lililoshonwa kwa uzi wa buluu. Wengine waliacha kuja bila kusema. Hakuweza tena kutulia kitini. Alikunywa kahawa akizunguka, yangu akinipitishia dirishani.

"Lini, Olindo?"

"Sijui, mama."

"Mwanamume mzima, kila wiki hujui. Mkeo anakuvumilia vipi?"

Sina mke. Sikumwambia.

Mwezi wa ishirini nilimkuta nje, ameketi juu ya ubao wa jukwaa, shali mabegani, gauni la bibi harusi magotini. Alikuwa amebana ukingo wa wavu kwa vibanio vya nguo ili mwanga uingie. Chini yake zilikuwa mita kumi. Nilimwomba arudi ndani.

"Huyu ndiye mteja niliyebaki naye," alisema. "Nikimharibia, nauza cherehani."

Msimamizi alikuwa ametuambia kwamba atakayegusa wavu afungashe virago. Nilimshika mkono Zaira, nikamvusha dirishani, nikaingia nyuma yake na kumsogezea meza karibu. Kisha nikarudi nje, nikatoa kisu, nikakata kamba na kuukunja wavu wote uliokuwa mbele ya dirisha lake. Jumatatu nilifukuzwa, na jengo lile sikulirudia.

Lakini Ijumaa ile mwanga ulifika hadi mezani. Zaira aliketi, akatunga uzi mweupe kwenye sindano, akashona. Nilisimama pale nje, nikingoja labda neno la shukrani. Hakuinua kichwa.

"Sogea, Olindo. Unanizibia."