Bundi wa Saa Tisa Mchana

Nilipokuwa mtoto kule Mirongo, bundi hakuhesabiwa kuwa ndege. Kunguru alikuwa ndege, kuku alikuwa ndege na siku za sikukuu alikuwa mboga, lakini bundi alikuwa taarifa. Akitua juu ya bati na kulia, watu wazima waliulizana kwa macho ni nani mgonjwa, na hata mwenye mafua tu alianza kujishuku.

Msinicheke. Nimeshalala katika miji ambayo majina yake sijui kuyatamka, na bado mwaka jana, katika hoteli moja ya huko kwenye theluji, niliwaomba watu wa mapokezi waondoe picha ya bundi iliyotundikwa juu ya kitanda changu. Wakaniuliza kama nina mzio wa manyoya. Nikasema ndiyo.

Tulikaa nyumba ya kupanga, zile za korido katikati na vyumba huku na huku. Kuta zilipandishwa mpaka juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, halafu zikaachwa, na kati ya ukuta na bati palikuwa wazi. Samaki wa jirani akiungua alikuwa ameungua kwako pia. Ugomvi wa jirani ulikuwa wako, ingawa asubuhi ulitakiwa kumwamkia kana kwamba usiku ulilala fofofo.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa Mzee Hamisi, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na redio kubwa. Redio ilikaa juu ya kabati, imevishwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kila Jumapili saa tisa mchana ilitoa mchezo wa kuigiza wa Inspekta Mabruki, mpelelezi ambaye hakuwahi kukimbia wala kupiga mtu ila aliuliza maswali mpaka mhalifu akachoka. Watoto wa nyumba nzima tulijazana sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. "Mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize," Mzee Hamisi alikuwa akisema. "Mchezo ukianza, namtoa."

Ah, raha ile. Kulikuwa na mlango uliolia muda mrefu kuliko mlango wowote niliowahi kuufungua maishani. Kulikuwa na viatu vilivyotembea polepole juu ya mbao, vikasimama, halafu kimya. Kimya cha redio ndicho kilichotumaliza. Kila mmoja wetu alijijengea kichwani nyumba ambamo mauaji yalifanyika. Yangu ilifanana sana na posta, kwa sababu sikuwa nimewahi kuingia ndani ya jengo kubwa zaidi ya hilo. Siku hizi naisikiliza michezo ya zamani kwenye simu, nikiwa uwanja wa ndege nasubiri ndege iliyochelewa, na ninajua kwamba mvua ya redioni ilikuwa mchele juu ya ungo. Bado mwili unanisisimka.

Mzee Hamisi alikuwa na mtindo wake wa kusikiliza. Wahusika walipozungumza mambo ya mume na mke, alipunguza sauti kwa ajili yetu mpaka tukabaki tunatazama kitambaa. Walipozungumza mambo ya kawaida, aliiacha chinichini ili aweze kutueleza yeye. Lakini hatari ilipokaribia, alikizungusha kitufe mpaka mwisho. Kuogopa kwa sauti ndogo, alisema, ni kuharibu betri.

Mwaka mmoja Bibi yetu, mama yake mama, aliletwa kutoka Ukerewe na mguu mbaya. Alichomwa na kisiki shambani kwenye mihogo, akapuuza, kidonda kikaanza kupanda. Hospitali walisema asafishwe na achomwe sindano kila siku, bila kuruka hata moja. Akiacha katikati, mguu utakatwa, na akichelewa sana hata kuukata hakutasaidia. Alilala nasi chumba cha ukuta wa Mzee Hamisi, kitanda kimoja na mimi. Alikuwa akinihadithia mpaka anasinzia yeye mwenyewe katikati ya hadithi, na mimi nabaki na fisi amesimama mlangoni, hajui aingie au aondoke. Mguu ukaanza kupungua. Akaanza kulalamikia chumvi kwenye mboga, na Mama akasema huyo sasa amepona.

Ndipo Jumapili moja, jua limewaka kweupe, Bibi alipomwita Mama kutoka uani kwa sauti tulivu.

"Umemsikia?"

"Nani, Mama?"

"Bundi. Amelia juu yangu hapa, mara tatu."

"Mama, bundi gani analia saa tisa mchana?"

"Ndiyo maana nakwambia. Wa usiku huwa anatishia tu. Huyu wa mchana ametumwa."

Kesho yake alikataa kwenda hospitali. Hakulia wala hakugombana na mtu. "Sindano ni za wanaobaki," alisema, akageukia ukutani.

Wewe unayesoma umeshafumbua fumbo, hongera. Mimi, mwanafunzi mwaminifu wa Inspekta Mabruki, niliyekuwa nimejikunyata upande wa pili wa ukuta huohuo nikimfurahia bundi huyohuyo, sikufumbua chochote. Bundi wa redio alikuwa wa redio. Hakuna aliyewahi kukimbilia kuanua nguo kwa mvua ya Inspekta. Bundi wa Bibi alikuwa wa kweli, maana Bibi mwenyewe alikuwa wa kweli, na alikuwa anakataa uji.

Mpaka Jumamosi mguu ulikuwa umevimba tena na unang'aa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililisikia joto lake kupitia shuka. Mama akatuma watu Usagara wamwite Mjomba Deus, kaka yake, ambaye alikuwa katekista na mtu wa msimamo. Alifika na Biblia kwapani.

"Dada, sisi ni watu wa kanisa," alisema kabla hata ya kuketi. "Mambo ya bundi ni ushirikina mtupu. Mimi sitaki hata kuyasikia." Akaihamishia Biblia kwapa la pili. "Alilia mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mjomba akakaa.

Usiku huo nilisikia wakinong'ona. Mama alitaka Bibi abebwe hata kwa nguvu apelekwe hospitali. Mjomba akamwuliza kama anataka mama yao afie kwenye nyumba ya kupanga, kisha wampandishe melini kama gunia la dagaa. Bibi ameomba kurudi kwao akiwa hai, basi arudi akiwa hai. Meli ni Jumatatu asubuhi. Nikamsikia Mama akianza kukunja nguo za Bibi, na mimi nilijua maana yake. Nikamshika Bibi mkono chini ya shuka. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

Jumapili mchana Bibi akaoga, akavaa kitenge chake kizuri, akasema anataka kuaga wapangaji. Mtu haondoki kwenye nyumba ya watu kama mwizi; huenda mlango kwa mlango akaomba radhi, ili asiache deni la maneno nyuma. Akaanza na jirani wa karibu, maana mguu usingefika mbali. Mama alimshika upande mmoja, mimi upande mwingine, Mjomba nyuma. Tukabisha hodi kwa Mzee Hamisi. Ilikuwa saa tisa na kidogo.

Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Hamisi akisimama katikati ya mchezo. Siku hiyo alisimama. Akamwamkia Bibi shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chake cha cherehani, akawafukuza watoto wawili ili apate pa kunyoosha mguu. Akapunguza redio. Hakuizima, heshima nayo ina mipaka yake.

"Fundi," Bibi alianza, "nimekuja kuaga. Tumekaa ukuta mmoja. Kama kuna siku nilikukwaza kwa kikohozi changu au kwa neno, unisamehe."

"Hukunikwaza, mama. Nami nisamehe kwa kelele za mashine."

"Nimeshasamehe. Bundi amenililia, na mimi sina ugomvi na..."

Hapo ndani ya redio viatu vikaanza kutembea juu ya mbao, polepole. Naapa Mzee Hamisi hakukusudia. Macho yake yalikuwa kwa Bibi, yamejaa huzuni, lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka mingi, na mkono ukapanda wenyewe, ukazungusha kitufe mpaka mwisho.

Bundi akalia. Alilia chumba kizima, akapita juu ya ukuta, akaingia chumbani kwetu.

Bibi alitazama kwanza juu kwenye bati. Kisha akatazama chini, taratibu, mpaka kwenye kabati.

"Yumo humo?"

"Nani, mama?"

"Bundi."

"Yumo," alisema Mzee Hamisi. "Ni wa mchezo."

Bibi kwao redio ilifunguliwa kwa mambo mawili, taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na yote mawili hayakuwa ya kubishana nayo. "Siku hizi redio nayo inadanganya watu?"

"Haidanganyi, mama. Inahadithia."

Hilo alilielewa, maana nalo lilikuwa kazi yake. "Na Jumapili iliyopita alilia?"

"Alilia."

"Mara ngapi?" Huyo alikuwa Mjomba, kutoka mlangoni.

"Mara tatu," tukajibu watoto wote, kama darasani.

"Halafu?" Bibi akauliza.

"Halafu tajiri akafa," nikasema mimi. "Tajiri wa mkonge. Alikutwa mezani kwake, kisu mgongoni."

Bibi akanitazama, akamtazama Mzee Hamisi, akaitazama redio. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Basi alikuwa anamlilia huyo," alisema. "Na mimi nimeshinda wiki nzima nimepokea salamu za mwenzangu."

Mama aliketi sakafuni palepale, juu ya vitambaa vya watu, akacheka mpaka kanga ikamlowa machozi. Mjomba akasema tangu mwanzo yeye alisema ni ushirikina.

"Na aliyemuua ni nani?" Bibi akauliza.

"Bado hajajulikana, mama. Inspekta anaendelea kuuliza."

"Atajulikana lini?"

"Labda wiki tano, sita."

Bibi akauweka mguu wake vizuri. "Deus, ingia ukae, unaziba mwanga. Haya, Fundi, nieleze. Huyo tajiri alikuwa na wake wangapi?"

Jumatatu meli iliondoka bila sisi. Hospitali muuguzi alimgombeza Bibi kwa wiki aliyoikosa, na Bibi akajibu kwamba alikuwa na msiba. Kidole kimoja kidogo cha mguu walilazimika kukiondoa; mguu wenyewe ulibaki. Jumapili zote zilizofuata kiti cha cherehani kilikuwa chake. Bundi akilia, alisema, "Tumekusikia, kaka," akaendelea kumenya karanga. Inspekta alipomkamata mtunza bustani, Bibi alikataa hukumu. Alirudi Ukerewe kwa miguu yake akishikilia kwamba muuaji alikuwa mke mdogo, na kila tulipokwenda kumtembelea alitoa ushahidi mpya.

Kwa muda mrefu nilikihadithia kisa hiki kama kichekesho cha wazee na ujinga wao. Nilikuwa nakihadithia mezani, kwa wageni, nikiiga na sauti ya bundi. Kadiri ninavyokaribia umri wake, ninacheka kidogo na kufikiri zaidi. Sauti ilikuwa moja. Upande wetu wa ukuta tulikuwa tumebanana, goti kwa goti, tuna mtu wa kutueleza na wa kushika kitufe, na tuliiomba irudiwe. Upande wa pili alikuwa mtu mmoja, mgonjwa, amelala peke yake mchana wa Jumapili kwa sababu sisi wote tulikuwa na mambo yetu. Sidhani kama Bibi alikuwa mjinga kuliko sisi. Alikuwa peke yake tu.

Alikufa miaka mingi baadaye, mzee kabisa, nyumbani kwake Ukerewe. Niliwahi kufika. Usiku wa mwisho tulijaa chumbani mwake, watoto na wajukuu, wengine juu ya kitanda chenyewe, tukizungumza na kubishana, mpaka tukagundua kwamba amelala na hataamka. Baada ya mazishi mama mmoja jirani alinivuta pembeni akaniuliza kama usiku ule bundi alilia.

Nilifikiri vizuri kabla ya kumjibu. Nikamwambia sijui. Tulikuwa wengi, tunaongea.