Mrithi Aliyevaa Njuga

Mwaka 1968, nikiwa na umri wa miaka minane, nyumba yetu ya Bweranyange ilianza kunuka nyasi kuukuu. Kwetu zamani sakafu ilitandikwa nyasi laini, na nyasi hizo zilibadilishwa mara kwa mara, hata mgeni akiingia alipokewa na harufu ya kilimani kabla hajasikia harufu ya chakula. Aliyezikata alikuwa baba. Baba alipougua kifua na kufa, hakuna aliyepanda tena kilima kwenda kukata nyasi. Zile zilizokuwemo zikageuka rangi, zikawa vumbi, zikaingia viroboto, na mpaka leo nikipita mahali penye nyasi zilizooza mwili wangu unanywea. Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili nikatoka, kwa hiyo asitegemee mtu maneno ya mapambo hapa. Nitaeleza nilivyoona, na nilichokiona nakikumbuka vizuri kuliko wengi waliosoma.

Tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Kamugisha, ambaye baba alimwacha akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Mama asili yake ni Burundi. Alikuja Karagwe akiwa msichana, akimfuata baba yake aliyekuwa kibarua katika mashamba ya kahawa, na huyo babu naye alishakufa, kwa hiyo mama hakuwa na kwao pa kurudi. Sasa desturi ya wakati ule niiseme waziwazi, maana vijana hawaijui. Mwanamke hakurithi kibanja, yaani shamba la nyumbani. Migomba ya baba, mibuni yake na nyumba ile tuliyolala, vyote vilikuwa vya Kamugisha, tajiri ambaye alikuwa bado anajikojolea mlangoni. Mama alikaa pale kama mlezi wa mwenye mali, basi. Ukoo ukisema mtoto alelewe kwingine, mama na mimi tungebeba vyungu vyetu na kutoka, na hatukuwa na mahali pa kuviweka chini. Na aliyetaka mtoto alelewe kwingine alikuwepo, tena jirani: baba mdogo, ndugu yake baba, mtu aliyewahi kufanya kazi Uganda akarudi na viatu na kanzu nyeupe.

Kamugisha angekuwa mtoto wa kutulia, mama angepumua. Lakini Mungu alitupa yule. Alipoanza kutembea hakutembea, alikimbia, na alipoanza kusema hakuanza na neno mama kama watoto wa watu. Alianza kuuliza. "Eki niki?" Yaani hiki ni nini. Kuku: eki niki? Moshi: eki niki? Kivuli chake mwenyewe alikikimbiza mpaka akaanguka, akakaa chini akakipiga kofi, akauliza ni nini. Na jibu la maneno halikumtosha, lazima aonje. Alionja udongo wa ukutani, alionja majivu, alionja utomvu wa mgomba mpaka midomo ikawa myeusi kama ya mtu aliyelamba sufuria. Siku moja nilimkuta amelala kifudifudi amechungulia ndani ya shimo la panya, anazungumza nalo kwa adabu kabisa, anaamkia.

Mama alikuwa na kazi za watu wawili na mikono ya mmoja. Asubuhi umande ukiwa bado unadondoka kwenye majani ya migomba, alikuwa ameshaingia kibanjani anapalilia na kutandaza majani makavu kwenye mashina, halafu anachuma kahawa, anaianika kwenye mkeka, anarudi kumenya ndizi, anakwenda kuchota maji bondeni na Kamugisha mgongoni. Mgongoni napo alikuwa anafanya kazi yake, anafungua kitambaa cha kichwa cha mama, anamwingiza kidole sikioni. Mimi nilitolewa shule ili nisaidie. Sikulia. Nilichopewa kilikuwa kikubwa kuliko shule, ingawa siku ile sikujua. Majirani walimshauri mama amfunge mtoto kamba kiunoni kwenye nguzo, kama walivyofanya wao wakienda shambani. Mama alikataa. "Mbuzi ndiye anafungwa," alisema. "Huyu akifungwa atakuwa mjinga, na mjinga atanyang'anywa hata akiwa mzee." Badala yake alimvalisha njuga mguuni, njuga ndogo za chuma alizokuja nazo kutoka kwao. Basi kibanja chote kikawa na mlio. Ukiwa ndani ya migomba, humwoni mtu aliye mbele yako kidogo tu, lakini tulimsikia: chwa, chwa, chwa, sasa yuko kwenye mibuni, sasa yuko kwa kuku. Njuga zikilia, mama aliendelea kulima bila kuinua kichwa. Zikinyamaza, jembe lilisimama hewani. "Koku," ananiita, "kimya kile si kizuri." Na kweli kila mara hakikuwa kizuri. Alikuwa ama anakula kitu, ama anafungua kitu, ama ameingia ndani ya kitu.

Ubaya ni kwamba habari zake zilitembea. Aliponyonya machicha ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mtumbwi wa kukamulia, akalala mchana kutwa akitabasamu kama mzee wa harusi, baba mdogo alijua kabla ya jua kuzama. Aliposhika mstari wa siafu kwa mikono miwili, baba mdogo alijua. Alipofuata ng'ombe wa watu mpaka ng'ambo ya kilima, tukamkuta ameshika mkia wa ndama wala haogopi, baba mdogo alikuja mwenyewe, akasimama uani na viatu vyake.

"Mwanamke, unatulelea mtoto au unatulelea tumbili?"

"Shikamoo, shemeji," mama akajibu, anaendelea kupepeta maharage. "Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Mtoto wetu amekula siafu."

"Hakuwala. Siafu ndio waliomla yeye. Na amejua sasa, hashiki tena. Wewe ulijua siafu wanauma kwa kuambiwa?"

Nilicheka. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyeona chura kwenye maji ya kunywa, akasema ukoo utakaa, na watu wa kuja wasidhani wameota mizizi. Hilo la watu wa kuja mama alilisikia maisha yake yote. Alipepeta maharage mpaka akamaliza.

Kikao kikapangwa. Mama alinituma nikakate nyasi mpya, na nilipanda kile kilima cha baba peke yangu kwa mara ya kwanza, nikashuka na mzigo unaonifunika macho. Tulizitandaza sakafuni. Ee, harufu ile! Nyumba ikarudi kuwa nyumba ya mtu. Wanaume wa ukoo wakaja, wakakaa mviringo juu ya nyasi zangu, wakapewa rubisi kwenye vibuyu na mirija. Wanawake, kwa desturi, walikaa jikoni nyuma, na mama alikuwa huko anasogeza kuni motoni. Mimi nilikuwa mtoto, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kuzungusha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa juani, ambazo bila hizo mgeni kwetu haamini kwamba amekaribishwa. Kamugisha aliwekwa juu ya kiti cha baba cha miguu mitatu, hakukaa, kwa hiyo baba mdogo akakikalia kiti mwenyewe na kumpakata. Picha ile niliielewa hata kwa akili yangu ya utoto. Yeye juu ya kiti, mtoto mapajani.

Akaanza kueleza, na kueleza alijua. Akahesabia wazee visa vyote, cha rubisi, cha siafu, cha ng'ombe, akaongeza na vingine ambavyo hata Kamugisha mwenyewe hakuwahi kuvifikiria. Akasema mtoto wa ukoo anapotea mikononi mwa mtu asiye na ukoo. Wazee wakawa wanatikisa vichwa. Mkubwa wao, Mzee Byabato, ambaye alikuwa hasemi mpaka kila mtu achoke, alitafuna buni zake polepole macho ameyafumba. Niliona shauri letu limekwisha. Nilianza kuwaza vyungu, nani atabeba kipi.

Hapo hapo pazia la mlango wa jikoni likafunguka, mama akaingia katikati ya wanaume bila kuitwa. Jambo hilo halikuwahi kuonekana. Mmoja akafoka, "Mwanamke, umelewa?" Mama alimpita. Alikuwa anamtazama Kamugisha. Ndipo na mimi nikatambua: njuga hazilii. Mguu uliokuwa unachezacheza muda wote mapajani mwa baba mdogo umetulia tuli. Mtoto amekaa kimya, macho yamemtoka, machozi yanateremka, mdomo wazi, na kidole kinagusa pua kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeweka kitu mahali na sasa hakioni. Buni ilikuwa imeingia puani mpaka juu.

Baba mdogo aliruka. Alimgeuza mtoto huku, akamgeuza kule, akachomoa mrija kwenye kibuyu akitaka kuingiza puani kuitoa. Mwingine akatoa ugoro, eti apige chafya. Kila mtu akawa daktari.

"Acha huo mrija!" Mama alipiga kelele ambayo sijaisikia tena. "Utaisukuma zaidi. Nipe mwanangu."

Hakusema mtoto wa ukoo. Alisema mwanangu, na alinyoosha mikono, na baba mdogo akampa. Mama alipiga magoti kwenye nyasi, akambusu shavuni kwanza atulie, akambana kwa kidole tundu la pua lililo wazi, akafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza mara moja kwa nguvu. Ile buni ikatoka na kamasi zake zote, ikatua kwenye kanzu nyeupe ya baba mdogo, kifuani, kama kifungo. Halafu chwa, chwa, chwa, Kamugisha akamrudia baba mdogo mwenyewe, akaibandua ile buni, akaitazama juu chini, akamwonyesha Mzee Byabato: "Eki niki?"

Wanaume wazima walicheka mpaka rubisi ikamwagika. Mzee Byabato hakucheka. Alifumbua macho.

"Mtoto alikuwa mapajani mwa nani?"

"Mwangu, mzee," alisema baba mdogo, anapangusa kanzu.

"Na huyu mama alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Wewe ulikuwa umemshika hukujua. Yeye yuko nyuma ya ukuta, akajua. Unataka tukupe mtoto umweke wapi ndipo umwone?" Akatema maganda ya buni. "Mtoto atakaa na mama yake, na mama yake atakaa hapa, mpaka mtoto ashike mundu wa baba yake na kukata mkungu wake mwenyewe. Nimemaliza. Leteni chakula."

Mama alirudi jikoni akapakua ndizi, maharage na nyama, anahudumia kila mtu, hata baba mdogo, tena alimpa kipande kikubwa cha nyama. Mimi, kwa furaha iliyonipanda kichwani, nilimwendea Mzee Byabato nikamuuliza, "Na mimi, babu, kibanja changu kiko wapi?" Akanipapasa kichwa kwa upole kabisa. "Wewe utaolewa, binti. Chako kiko kwa mumeo." Hakuwa mbaya, alisema alilolijua. Lakini mimi nililishika lile jibu nikalala nalo miaka. Nilichuma kahawa za watu, nikauza ndizi mbivu barabarani Omurushaka kwa abiria wa mabasi ya Bukoba, nikaolewa, mume akawa mtu mzuri, na bado niliendelea kununua vipande vyangu, kimoja kimoja, watu wakinicheka kwamba mwanamke anataka kuwa na ndevu.

Mama alizeeka ndani ya nyumba ile, akafa humo, akazikwa kibanjani kama mwenyewe. Kamugisha ni babu sasa, na simu ikimharibikia haipeleki kwa fundi, anaifungua na kisu mpaka ife kabisa. Nami nalea mjukuu wa miaka miwili, Neema, ambaye mama yake anafanya kazi Kayanga na ananipigia kila mchana. "Shikamoo mama, mtoto amelala?" Namwambia hajalala, anabomoa nyumba. Anasema mpe katuni kwenye simu atulie. Sitaki. Zamani tulikuwa na njaa, tulikuwa na viroboto, zahanati ilikuwa mwendo wa kutwa, na siku hizi pikipiki inakufikisha chai haijapoa. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora, nitakuwa mwongo. Lakini mama alikuwa na jembe mkononi na sikio kwa mtoto kwa wakati mmoja, na kitu hicho kwa watu wa leo sikioni tena, nacho ndicho ninachokitamani jioni nikikaa barazani.

Leo nina kibanja cha migomba hapa Bweranyange, nilikinunua mwenyewe. Nina shamba la kahawa upande wa Kyerwa. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na vyumba vya kupangisha Omurushaka. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi, na mashine ya kusaga. Nina watoto sita, wanne wa kike, na kila mmoja nimempitisha kwa miguu kwenye mipaka ya kipande nilichomgawia, mchana, wanaume wa ukoo wakiangalia.