Niliachwa kwa Sababu ya Matairi Mapana ya Gari la Kijiji

Admin, naomba unifichie jina. Swali ninaloshindana nalo siku hizi ni hili: mtu akitakiwa akiri kosa asiloamini kuwa alilitenda, ili mwenzake apate amani, kukiri huko ni huruma au ni uongo? Nimeshapita miaka sabini. Ninaishi Chuno, Mtwara, na ninawaandikia kwa sababu muda wa kujibu unaniishia.

Katika miaka ya vijiji vya ujamaa nilitoka chuo kikuu na shahada ya kilimo, nikapangiwa kazi ya bibi shamba upande wa Madimba. Huko nikaolewa na mwenyekiti wa kijiji, mwanaume mwadilifu, asiyegusa hata korosho moja ya umma. Kijiji kilikuwa na Land Rover moja kuukuu. Ndiyo iliyobeba magunia ya korosho na muhogo, na ndiyo iliyopeleka wajawazito hospitali mjini. Lakini njia yetu ilikuwa mchanga mtupu, na kila safari tuliteremka kusukuma. Mama mmoja alijifungulia pale pale njiani, gari limezama hadi ekseli, sisi tumemzungushia kanga. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Muda mfupi baadaye ringi za gari zikapasuka. Ringi za kiwandani hazikupatikana, kama vile sabuni na sukari zilivyokuwa hazipatikani. Fundi mmoja wa Chikongola, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akatuletea ringi nyingine, pana kuliko zile za asili, pamoja na matairi ya aina tatu: membamba, mapana, na mapana zaidi. Halmashauri ya kijiji ikaniachia mimi uchaguzi, kwa kuwa safari nyingi zilikuwa zangu. Mume wangu akaniambia nyumbani nichukue membamba, yanayofanana na ya magari mengine. Nikamjibu kwamba nitachukua mapana kupita yote, mradi yasiguse bodi.

Sikutaka kupima gari likiwa tupu, maana gari tupu husimama juu na kila tairi huonekana limeenea. Nikawaita wanawake wenzangu mbele ya ofisi ya kijiji. Tukapakia magunia, kisha tukapanda sisi wenyewe, mpaka springi zikalala.

"Bibi Shamba, mimi na mwili huu nihesabu magunia mawili!" akasema Bi Somoe, mkunga wetu, na gari zima likacheka.

Fundi akakata usukani hadi mwisho. Yale mapana zaidi yakakwaruza madigadi kwa kelele. Tukashuka wote, akafunga yaliyofuata kwa upana, tukapanda tena. Safari hii kiganja chake kikapita kati ya tairi na bati, kulia na kushoto.

"Haya ndiyo mwisho wake," akasema. "Ukiongeza hata kidogo, yanakula bodi."

Mume wangu akatoka ofisini. Hadharani aliniita Ndugu, kama mgeni.

"Ndugu, hili ni gari la wakulima au la manaizi, hao wakubwa wa kujionyesha? Wageni wa wilaya wakija watasema mwenyekiti amenogewa."

"Waambie nao waje wasukume, Mwenyekiti!" akapaza sauti Bi Somoe kutoka juu ya magunia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu akageuka, akarudi ofisini.

Nyumbani hakupiga kelele. Alisema, "Chagua. Matairi yale au nyumba yangu."

Nikamwambia, "Nyumba yako haijawahi kunasa mchangani na mtu mwenye uchungu ndani."

Akanipa talaka. Nikaondoka na watoto. Matairi yakabaki, na wajawazito wakafika hospitali bila kuteremka kusukuma.

Sasa ameandikishwa kwenda hija. Kama ilivyo ada, anazunguka kuombana radhi na watu kabla ya safari. Juzi alikuja kwangu akiongozwa na mwanetu mkubwa, maana macho yamepungua. Akasema, "Mama watoto, nisamehe kwa talaka ile. Na mimi nimekusamehe kwa matairi. Sema tu kwamba ulikosea, tutoke safi."

Nikamjibu, "Radhi yangu unayo, kwa moyo wote. Kosa sina."

Akainamisha kichwa. Mwanangu akanivuta pembeni: "Mama, ni neno moja! Utamwacha mzee asafiri na fundo moyoni kwa ajili ya mpira?" Nikamwambia haukuwa mpira, ilikuwa njia ya kufika hospitali. Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Nisiwadanganye, hoja yangu ina tundu. Masika yalipoingia, matairi yale yaliteleza kwenye tope kuliko nilivyotarajia, na katika hilo mume wangu alikuwa na haki. Tena yale membamba hatukuyajaribu hata siku moja. Huenda tungeyapunguza upepo kidogo yangepita mchangani vilevile, na ndoa yangu ingesalimika. Sijui. Wala siwezi kujua tena, kwa kuwa fundi aliyachukua wiki ile ile akamuuzia mtu mwingine, na njia yenyewe leo ni barabara inayopitiwa na malori ya gesi.

Lakini kutojua si kukosa. Kwa ujuzi niliokuwa nao siku ile, na mama yule niliyemshika mkono mchangani, ningechagua vilevile hata leo. Ndiyo maana neno analolitaka halinitoki. Naye anaondoka Ijumaa, katika umri ambao wengine huenda wasirudi.

Ninyi mlio mbali na hasira zetu, niambieni: nimpe neno hilo asafiri ametulia, au radhi yangu bila uongo inamtosha? Nifanye nini?