Mlango Wetu wa Malindi Wakati wa Homa

Mimi ni mtoto wa mchukuzi. Nilikwenda Uingereza kwa jasho langu, nikarudi Unguja na diploma ya umeme, na redio ya kwanza mtaani kwetu Malindi ilikuwa yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Na kabla ya homa ile sikuwahi kulala kitandani mchana.

Kila jioni majirani walijaa barazani kwangu kusikiliza habari. Redio ilipotangaza kwamba mafua yanayoua yanakuja na meli, walicheka.

"Mafua nayo maradhi?" akasema Bi Khola, jirani yetu. "Basi mie nshakufa mara ngapi!"

Kisha zikaja habari za vifo, kicheko kikakatika. Redio ikasema watu wasikusanyike. Wao, kwa hofu, wakazidi kuja kuisikiliza, wamebanana, wakipokezana kikombe kimoja cha kahawa.

Nikaiingiza redio ndani, nikatia komeo.

"Kasoma huyo," nikasikia nje. "Sasa mikono yetu inamtia kinyaa."

Mke wangu Zuhura alilia. "Watatususa, bwana. Nikifa mimi, nani atanikosha?"

"Hufi," nikamwambia. "Mlango umefungwa."

Lakini kazini sikuwa na mlango wa kufunga. Nilirudi natetemeka, mifupa inauma kama iliyopondwa. Nikakohoa makohozi ya rangi ya kutu. Nikawa nakojoa bakulini, kwa kushikiliwa.

Daktari alinisikiliza kifua. "Pafu la kulia limeharibika. Mtu asiingie humu ila anayemuuguza."

Habari ikaenea kuwa naumwa. Majirani wakaja kunitazama, kama ada yetu. "Hodi!" Nikataka kusema wasiingie, sauti haikutoka. Nikasikia komeo likivutwa.

"Karibuni, karibuni," alisema Zuhura.

Wakakaa ukingoni mwa kitanda, wakanishika mikono, wakanisomea dua, wengine wakikohoa. Walipoondoka, Zuhura aliniinamia, uso umemng'ara. "Umeona? Hawakutususa."

Homa yangu ilishuka, yake ikapanda. Alikufa chumba cha pili, mimi siwezi hata kukaa. Nilisikia maji yakimwagwa na sauti ya Bi Khola ikisema taratibu, "Mgeuzeni, mwanangu huyu." Ndiye aliyemkosha. Kama aliyemwambukiza Zuhura ni yeye, au mwingine, au mimi mwenyewe, sitajua.

Leo natembea, ingawa ngazi hunikata pumzi. Namshukuru Mungu kwa pumzi hiyo. Namshukuru na Bi Khola.

Nanyi mnaosoma, maradhi mengine yatakuja. Mkiwa bado wazima, kubalianeni mtaa mzima kwamba anayefunga mlango hajawasusa, na kwamba maiti wake atakoshwa. Asifunge mtu peke yake kama nilivyofunga mimi. Sidhani kama mtanisikia. Watu wenye hofu hukimbilia watu.

Redio inasema homa imepungua. Mlango nauacha wazi kutwa. Aliyeutaka wazi hayumo.