Kiwanja cha Ndege cha Rambira

Mume wangu Zedekiah alichora kiwanja cha ndege mara tatu kabla hajapanda ndege hata mara moja. Cheka tu, hatanuna. Mimi nilicheka kwanza.

Alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya wapimaji pale mjini Nairobi, orofa ya tatu, na kiwanja chenyewe kilikuwa cha kwao Rambira, kisiwa kidogo cha ziwani huko magharibi. Mwaka wa 1964 alichora uwanja wa nyasi, na watu wa kwao wakang'oa visiki kwa mikono. Mwaka wa 1968 akachora wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, akaongeza ua wa kuzuia ng'ombe, maana rubani mmoja alizunguka angani nusu saa akingoja fahali aamue kuondoka. Mwaka wa 1972 akachora kibanda cha mabati chenye benchi moja, akakiita ukumbi wa abiria. Mwezi mzima karatasi zake zilikaa juu ya meza yetu pale Riruta, tukala ugali tumeketi kitandani.

Abiria gani sasa? Watu wa Rambira walioko Nairobi walikuwa na chama chao, na chama kilikodi ndege kwa kazi moja tu: kumrudisha marehemu akazikwe kwao. Walio hai walipanda basi, kisha mashua. Kwa hiyo kule kisiwani ndege ikisikika, wanawake walijifunga leso kiunoni wakaenda kiwanjani wakilia. Jina la marehemu waliliuliza wakishafika.

Mimi sikuwahi kukanyaga huko. Naitwa Munyiva, Mkamba wa Machakos, na mama mkwe wangu Philister alikuwa ameshamchagulia mwanawe msichana wa kijiji cha pili. Alisema nisionekane bomani kwake. Miaka sita Zedekiah alikwenda nyumbani peke yake, akarudi na samaki wakavu na salamu ambazo najua alizitunga mwenyewe. Iliniuma. Nilimwambia wazi kwamba mama yake asiponipokea, mimi ni mpangaji tu katika nyumba yake.

Basi mwaka wa 1973 mhandisi wa ofisini akawa anakwenda kukagua kile kiwanja, na ndege ina viti viwili vitupu. Zedekiah akaviomba. Barua ya kutoa habari akakataa kuandika, eti mama akijua nakuja atafunga mlango.

Wacha nikwambie habari za huyu bwana mwenye viwanja. Hatujavuka hata vilima vya Ngong, ameshaomba mfuko wa karatasi. Tulipotua alikuwa ameinama, kichwa magotini, hawezi kusimama. Nikatangulia kushuka, machozi ya woga yakinitiririka, na kichwani kitambaa cheusi kwa sababu ndicho kilichokuwa safi.

Wanawake walikuwa wameshafika wakilia. Mama mmoja mrefu, Philister mwenyewe, akanitazama. Picha yetu ya harusi alikuwa ameiona. Akatupa fimbo, akanikumbatia, tukaanguka sote wawili kwenye murram.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, na kisiwa kizima kinasikia. "Binti yangu, hili boma ni lako. Hutakwenda popote."

Kijaluo nilikuwa nimeshakijua, na nilijua kabisa ninachopaswa kumwambia: kwamba mwanawe yu hai. Lakini neno hilo nilikuwa nimelingoja miaka sita. Nikachelewa kidogo, tena kwa makusudi, nikalia naye.

Ndipo Zedekiah akatokea kwenye mlango wa ndege, uso umemsawijika, akaomba maji ya kunywa.

Kilio kikakatika. Wanawake wawili wakakimbia. Mama akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akawatazama wote waliokuwa wamemsikia. Mkono wangu alikuwa bado ameushika.

"Wewe nenda ukalale," akamwambia Zedekiah. "Mimi na binti yangu tuna samaki wa kupika."